Deraya ya sponji inapogoma: anza na dalili, rudi nyuma hadi kwenye chanzo

Umekata, umebandika, umepaka rangi, na siku mbili kabla ya kuivaa, deraya yako ya kuigizia askari wa anga za juu inaanza kukuumbua. Bega limeachia, rangi ya kifua imepasuka, helmeti haipiti masikioni. Wengi hapo hukimbilia dukani kununua gundi kali zaidi au kopo jingine la rangi. Usinunue kitu bado. Hitilafu ya deraya ya sponji karibu kila mara ilianza hatua moja au mbili kabla ya pale ilipojitokeza. Rangi imepasuka kwa sababu kiungo kinavutwa. Kiungo kinavutwa kwa sababu kipande kilikatwa kifupi. Kipande kilikatwa kifupi kwa sababu karatasi ya kiolezo, yaani mchoro wa kukatia vipande, ilichapishwa ndogo. Ukiitibu rangi peke yake, wiki ijayo utaipaka tena.

Naandika kwa ajili ya wanaofanya kazi hii Mbeya, Iringa, Njombe na maeneo ya jirani, kwa sababu hali ya hewa ya huku inaingia kwenye kila hatua. Mbeya mjini ni karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Njombe ni juu zaidi, na usiku wa Juni na Julai joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Mvua zetu zinaanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Maelekezo mengi yanayozunguka mitandaoni yameandikwa na watu wenye vyumba vyenye joto, wala hawakuwaza gundi inayopakwa asubuhi ya ukungu Uyole.

Sponji ninayoisema ni ya EVA: ile mikeka ya watoto inayoshikana kwa meno, unene wa milimita 10 hivi, pamoja na shiti nyembamba za soli wanazonunua mafundi viatu. Sponji ya godoro ni kitu kingine. Inafaa kujazia ndani, haifai kuwa deraya.

Viungo vinaachia

Usipake gundi mpya juu ya ile ya zamani kabla hujatazama. Fungua taratibu kiungo kilichoachia, kipeleke penye mwanga, uangalie nyuso zote mbili.

Gundi yote ikiwa imebaki upande mmoja na upande wa pili uko mtupu, maana yake huko haikushika tangu mwanzo. Mara nyingi sababu ni ngozi ya mkeka: uso wa juu hutoka kiwandani ukiwa mgumu na wa kuteleza. Upige msasa mpaka mng'ao uishe, futa kwa kitambaa kikavu, ndipo upake. Kuanzia Agosti hadi mvua zianze, vumbi hutua juu ya kipande muda mfupi tu baada ya kukifuta, kwa hiyo futa na kupaka hapo hapo.

Pande zote mbili zikiwa na gundi kavu, inayong'aa, na zimebanduka safi bila kuchanika, basi uliziunganisha muda ukiwa umepita, au hukugandamiza vya kutosha. Gundi ya viatu hupakwa nyembamba pande zote mbili, huachwa mpaka isinate kidoleni, kisha hugandamizwa kwa nguvu mara moja. Tazama fundi viatu yeyote Mwanjelwa anavyoigonga soli kwa nyundo baada ya kuibandika. Kinachofungisha gundi hii ni nguvu ya mgandamizo. Kushikilia kwa vidole nusu saa bila kubana hakusaidii. Kiungo cha namna hii hakihitaji gundi mpya: pasha nyuso zote mbili mpaka gundi ilainike, kisha gandamiza ikiwa bado ya moto.

Gundi ikiwa laini na inavutika nyuzi nyuzi, uliunganisha mapema na kiyeyusho kimefungiwa ndani. Dakika kumi zinazotosha Dar es Salaam hazitoshi Makambako mwezi wa Julai. Tena baridi ina hila nyingine. Kiyeyusho kinaporuka hupoza uso wa gundi, na hewa ikiwa na unyevu mwingi, kama ilivyo Tukuyu sehemu kubwa ya mwaka, umande hutanda juu ya gundi. Wakati mwingine utauona kama weupe hafifu, mara nyingi hutauona kabisa. Ukiunganisha hapo, umeweka maji katikati. Kwa hiyo chagua saa: bandika kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri, na vipande vilale ndani ya nyumba usiku, visiachwe barazani. Fanya jaribio kwa mabaki mawili kwanza. Kesho yake yavute; sponji ikichanika kabla ya gundi kuachia, endelea na kazi.

Na hilo ndilo tokeo la nne. Ukifungua kiungo ukakuta sponji yenyewe imechanika na vipande vyake vimeng'ang'ania gundi, gundi yako haina kosa lolote. Kiungo kinabeba mzigo kisichostahili kuubeba. Acha habari za gundi, nenda kwenye vipimo hapo chini.

Kingo zilizokatwa zina jambo lake. Zimejaa vitundu na hunywa mkono wa kwanza wa gundi wote, kwa hiyo zipake mikono miwili. Na kama ukingo una mawimbi, wembe wako umeisha makali. EVA hula makali haraka kuliko karatasi. Vunja ncha ya kisu, endelea na makali mapya, na ushike kisu wima, la sivyo vipande vitakutana juu na kuachana chini.

Gundi ya vijiti, ile inayoyeyushwa kwa bunduki ya umeme, itumie kushikiza tu kwa muda. Kwenye buti la basi lililopigwa jua inalainika. Kwenye baridi ya Makete inakakamaa na kubanduka kwenye uso laini.

Kichwa kinauma, macho yanawasha

Hii nayo ni dalili, na ni ya kusimamisha kazi papo hapo. Gundi ya viatu ina viyeyusho vinavyolevya na kuumiza mwili, na mvuke wake hushika moto kwa urahisi. Baridi ya huku inatufanya tufunge mlango na dirisha, kisha tuweke jiko la mkaa katikati ya chumba. Kwa kazi hii hakuna mpangilio wa hatari kuliko huo: mvuke wa gundi unaweza kulipuka kwenye mkaa, na mkaa wenyewe hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu inayoua watu waliolala. Bandika nje au barazani mchana, jua likiwepo, kisha ingiza vipande ndani gundi ikishakauka na harufu kuisha. Barakoa ya kitambaa inazuia vumbi la msasa peke yake, mvuke inaupitisha. Gundi iliyoganda kwenye kopo usiizimue kwa petroli hata ukimwona mtu akifanya hivyo. Nunua kopo dogo jipya.

Mkunjo unarudi bapa

Umekunja kipande cha paja vizuri, asubuhi unakikuta kimenyooka juu ya meza. EVA hulainika ikipashwa na hushika umbo ikipoa, kwa hiyo uchunguzi ni mfupi: ama joto halikufika katikati, ama uliachia kabla haijapoa.

Huku kwetu la kwanza ndilo la kawaida. Uso unaanza kung'aa nawe unadhani umemaliza, kumbe kiini cha mkeka wa milimita 10 bado kina baridi ya usiku. Pasha pande zote mbili, ukizungusha bila kusimama mahali pamoja. Mashine ya saluni ya kukaushia nywele inatosha kwa shiti ya milimita 3. Kwa mkeka mnene tafuta blowa ya joto, kama ile ya wanaobandika tinti za magari. Ukiwaomba kwa adabu, na bei kidogo, watakupashia palepale. Jiko la mkaa silipendekezi: hupasha doa moja na kuunguza ukingo, na sponji inayoungua hutoa moshi mbaya. Maji ya moto yana mpaka wake pia. Mbeya maji huchemka kwenye nyuzi kama 94 badala ya 100, na mkeka mnene hupoa njiani kutoka sufuriani hadi kwenye umbo. Hata hivyo yanatosha kabisa kwa bomba la PVC, ambalo hulainika kwenye nyuzi 80 hivi, ukitaka kutengeneza mbavu au mshipi mgumu.

Ukishapasha, fungia kipande kwenye chupa, sufuria au ndoo yenye mviringo mkali kidogo kuliko unaoutaka, na usikiguse mpaka kipoe kabisa. Baada ya hapo kihifadhi kikiwa kimejazwa nguo ndani, hasa kikisafiri juani.

Haikukai mwilini

Hapa ndipo kazi nyingi hufia, na inaniuma kuona deraya ya mwezi mzima ikitupwa kwa tofauti ya sentimita tatu. Kabla ya kulaumu mkono wako, kagua mambo matatu kwa mpangilio huu.

La kwanza, karatasi. Violezo vingi vimetoka Marekani na vimepangwa kwa karatasi yao yenye upana wa sentimita 21.6. Steshenari yako inachapisha kwenye A4, yenye upana wa sentimita 21, na kompyuta inapunguza mchoro ili uenee. Unabaki na kama asilimia 97 ya kipimo, wakati mwingine chini ya hapo. Kifua cha mzunguko wa sentimita 100 kimeshapoteza 3 kabla hujashika kisu. Mwambie kijana wa steshenari achapishe kwa asilimia 100 bila kubana ukurasa, halafu pima kwa rula: violezo vingi huwa na mraba wa kupimia. Kama hauna, chora wako wa sentimita 10 kabla ya kuchapisha.

La pili, mwili wako si mwili wa mchoraji. Kiolezo cha mtu wa sentimita 183 kikivaliwa na mwenye 168 kinapaswa kupunguzwa hadi asilimia 92 hivi kwa urefu, lakini upana wa kiuno na mapaja haufuati hesabu hiyo. Usipunguze deraya nzima kwa namba moja. Pima kila kiungo peke yake. Kwa kiwiliwili, urefu unaotawala ni kutoka mfupa unaochomoza chini ya shingo hadi kiunoni. Huo ukiwa mrefu mno, ukikaa bamba la kifua linapanda na kukupiga kidevuni.

La tatu ndilo linalosahauliwa na karibu kila anayeanza: unene wa sponji yenyewe. Ukizungusha mkeka kwenye mkono, upande wa ndani unabanwa na wa nje unavutwa. Kwa hiyo kwenye kipimo cha mkono ongeza unene mara 3.14. Mkono wenye mzunguko wa sentimita 26, kwa mkeka wa milimita 10, unahitaji kipande cha 29 na kidogo. Ukiongeza sentimita 2 za sweta na kupumua, kata 31. Ukikata 26, kitafungika kwa kulazimishwa, kiungo kitavutwa muda wote, na hapo ndipo ile sponji iliyochanika karibu na gundi inapotoka.

Kama huna imani na violezo, tengeneza chako kutoka mwilini. Vaa nguo utakayoivaa ndani siku yenyewe, usisahau fulana nzito kama tukio ni la kipupwe. Mwenzako akuzungushie nailoni ya kufungia chakula, kisha tepu ya karatasi juu yake. Vuta pumzi ujaze mapafu wakati wa kufungwa kifua, na shingo isiguswe kabisa. Mkiwa na kalamu chora mahali vipande vitakapokutana, chora na katikati ya kifua na mgongo, kisha akate taratibu kwa mkasi wenye ncha butu. Ganda lile ukilifungua na kulilaza kwenye karatasi ngumu, una kiolezo kisichomfaa mtu mwingine yeyote.

Kifua kinachokaa mbali na mwili chini ya matiti au kiunoni hakihitaji kubanwa kwa mkanda. Kinahitaji pengo la umbo la V likatwe upande wa ndani na kingo zake zibandikwe pamoja, ndipo bamba lijipinde lenyewe. Kinachouma kwapani hukatwa zaidi kwapani. Usiogope, ukingo ule hauonekani mkono ukiwa chini. Muundi usiopita kisigino hauwezi kupita kamwe ukiwa bomba lililofungwa, kwa sababu kisigino ni kipana kuliko kifundo. Upasue nyuma, uweke velkro. Mapaja yanayosuguana hupunguzwa upande wa ndani kwa shiti nyembamba badala ya mkeka.

Jaribu kwa miendo halisi kabla ya rangi. Nyanyua mikono yote, kaa kwenye kigoda, inama, panda ngazi. Anayepanga kuivaa kwenye Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale, atatembea saa nyingi kwenye vumbi na atahitaji kupanda gari kurudi. Kama hawezi kukunja goti nyumbani, huko hataweza.

Mabega yanaporomoka, mapaja yanazunguka

Usitundike kitu kizito kwenye sponji tupu. Nenda mitumba, nunua kizibao kigumu, umpe fundi cherehani ashone mikanda ya begi na vifungo vyake mahali ulipoweka alama ukiwa umeivaa deraya. Uzito ubebwe na kizibao. Mapaja yaning'inizwe kutoka kwenye mshipi wa kiunoni, mbele na ubavuni, maana mkanda mmoja huruhusu kuzunguka. Mabega yafungwe kwenye kifua kwa lastiki ili yainuke na mkono. Mkanda uliong'oka kwenye sponji ulibandikwa juu juu: toboa ufa, pitisha mkanda, laza sentimita 5 zake ndani, ziba kwa kiraka.

Rangi inapasuka, inanata, au inameza sponji

Ikipasuka kiwikoni na ubavuni tu, rudi kwenye vipimo. Ikipasuka kila mahali, umeweka ngozi ngumu juu ya kitu kinachopinda. Rangi ya magari na rangi ya mafuta ya milangoni hazifai zikiwekwa peke yake. Ya pili huweza hata kubaki ikinata kwa siku nyingi kwenye hewa baridi. Pasha uso wa sponji upesi upesi kwanza ili vitundu vizibe, halafu paka gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, mikono mitatu hadi mitano, kila mmoja ukikauka kabisa. Wakati wa mvua mkono mmoja unaweza kuchukua siku nzima, na hakuna njia ya mkato. Kisha rangi ya maji: nyeusi iwe ya chini, rangi ya fedha iguswe kwa brashi karibu kavu kwenye kingo, na chuma kitatokea mbele ya macho yako. Ni hatua ninayoipenda kuliko zote. Malizia kwa vanishi ya maji, maana gundi ya mbao isiyofunikwa ikinyeshewa hugeuka nyeupe na kulainika.

Kama rangi ya kupuliza imekula kipande na kuacha mashimo, kipande hicho hakikuwa EVA. Ni lile povu jeupe la maboksi ya televisheni, lenye punje ukilivunja. Liondoe, au lifunike kabisa kwa gundi ya mbao na karatasi kabla ya kupuliza.

Vipande vya ndoo na madumu vikikataa gundi na rangi, havina uchafu wowote. Plastiki ile ndivyo ilivyo. Vifunge kwa ribiti na uviache na rangi yao ya asili.

Helmeti haipiti, inayumba, inajaa ukungu

Isiyopita masikioni ipasuliwe nyuma, kipande cha nyuma kifunguke kwa kitambaa kilichobandikwa kama bawaba na kifungwe kwa sumaku ndogo za spika mbovu. Inayoyumba ijazwe vipande vya sponji ya godoro kwenye paji, pembeni na utosini, vikishikwa kwa velkro ili vitoke kufuliwa.

Ukungu kwenye kioo ni pumzi ya moto inayokutana na kioo baridi, na jioni ya Julai hapa utakuja ndani ya dakika chache. Kupaka sabuni ya maji ya vyombo tone moja na kuifuta mpaka isionekane kunasaidia kwa muda. Tiba ya kweli ni hewa: matundu chini ya kidevu ya kuingizia, matundu yaliyofichwa nyuma juu ya kutolea, na feni ndogo ya volti 5 ndani, inayolishwa na pawabenki iliyofungwa kiunoni. Ielekeze feni ivute hewa kutoka nje, isizungushe ileile uliyoipumua. Kioo cha akiba cha helmeti za bodaboda hufaa sana kukatwa, ila chagua cheupe au cha moshi hafifu kama utatembea baada ya jua kuzama. Na usivae helmeti hiyo ukiwa juu ya pikipiki. Sponji haizuii pigo, kwa hiyo barabarani ivae ile halisi, ya deraya ibebe kwenye mfuko.